Maisha ya Al-Hajj Malik El-Shabazz, Aliyejulikana kwa Jina la Malcolm X

Bismillahir Rahmanir Rahim

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Muumba wa watu wa kila rangi na kila lugha, na rehema na amani zimshukie Mtume wake Muhammad, ambaye siku ya kufunguliwa Makka alimwamrisha Bilali Mhabeshi apande juu ya Al-Kaaba aadhini, na chini wamesimama mabwana wa Kikureshi waliokuwa wakimdharau kwa weusi wake na utumwa wake.

Ama baada ya hayo. Khabari zinazofuata ni za mtu mweusi wa Marekani aliyedhulumiwa kwa ajili ya rangi yake tangu utotoni, akasimama kuikabili dhulma hiyo bila ya khofu. Na katika kusimama huko naye akaingia katika kosa lile lile alilokuwa akilipiga vita, kisha Mwenyezi Mungu akamwonyesha haki, akairejea mbele ya watu wote. Wengi wanalijua jina lake na ushujaa wake. Wachache ndio wanaoufikiri ule urejeo wake, nao ndio uliokuwa mgumu zaidi.

KUZALIWA KWAKE NA WAZEE WAKE

Jina lake la kuzaliwa ni Malcolm Little. Alizaliwa tarehe 19 Mei 1925, nao ni mwezi wa Shawwal mwaka 1343, katika mji wa Omaha, jimbo la Nebraska. Baba yake, Earl Little, alikuwa mhubiri wa Kikristo na mfuasi wa Marcus Garvey, mtu wa Jamaica aliyewalingania watu weusi wajitegemee wala wasiionee haya asili yao ya Afrika. Mama yake, Louise, alizaliwa katika kisiwa cha Grenada.

Watu weusi wa Marekani wengi wao ni kizazi cha Waafrika waliochukuliwa utumwani kuvushwa bahari. Utumwa ulifutwa nchini humo mwaka 1865, lakini dharau haikufutwa pamoja nao. Katika majimbo ya kusini sheria yenyewe iliwatenga watu kwa rangi katika skuli, katika magari ya abiria, katika mikahawa, hata katika mifereji ya maji ya kunywa. Katika majimbo ya kaskazini sheria haikusema hivyo waziwazi, lakini mambo yalipitishwa kwa njia nyingine, na moja katika njia hizo ni hati za viwanja, ambazo ziliandikwa sharti ya kwamba asikae humo mtu asiyekuwa Mzungu.

Sharti kama hiyo ndiyo iliyowakuta wazee wa Malcolm. Walihamia Lansing, jimbo la Michigan, wakanunua nyumba, na majirani Wazungu wakawashitaki, na mahkama ikaamua kuwa watu hao weusi watoke. Kabla hawajatoka, usiku mmoja wa Novemba 1929, nyumba ikawaka moto na wao wamo ndani wamelala. Walitoka salama, Malcolm akiwa mtoto wa miaka minne. Polisi walipokuja, aliyeshikwa kwa kudhaniwa kuitia moto alikuwa ni mwenye nyumba mwenyewe, na mashitaka hayo baadaye yakaachwa kwa kukosa ushahidi. Msomaji naalikumbuke jambo hili, kwani litarejea mwisho wa khabari hizi kwa namna ya ajabu.

Mwaka 1931 Earl Little alikutwa amekanyagwa na gari la reli ya mjini. Serikali ilisema ni ajali. Jamaa zake waliamini kuwa ameuawa na Wazungu wenye chuki, na kampuni moja ya bima ikakataa kulipa kwa kudai kuwa amejiua. Mjane akabaki na watoto wengi katika miaka ya dhiki kubwa, mpaka akili yake ikashindwa kustahimili, na mwaka 1939 akatiwa katika hospitali ya wagonjwa wa akili, akakaa huko kiasi cha miaka 24. Watoto wakagawanywa katika nyumba za watu.

SKULINI NA UPOTEVU WA UJANA

Malcolm alisomeshwa katika mji wa Mason, akiwa miongoni mwa watoto weusi wachache mno, na alikuwa hodari wa masomo hata wenziwe Wazungu wakamchagua kuwa kiongozi wa darasa. Siku moja mwalimu wake alimwuliza kazi anayoitamani ukubwani, naye akajibu kuwa anataka kuwa wakili. Mwalimu akamnasihi aachane na fikira hiyo, kwa kuwa si kazi ya mtu wa rangi yake, na bora ajifunze useremala. Mwalimu huyo hakumpiga wala hakumtukana, na huenda alidhani kuwa anamtendea wema. Lakini neno lile liliuvunja moyo wa mtoto kuliko ambavyo ungevunjwa kwa bakora. Tangu siku ile akaacha kuyapenda masomo.

Mwaka 1941 alikwenda Boston kukaa na dada yake wa kwa baba, Ella. Akafanya kazi ya kupiga viatu rangi, na ya kuuza vyakula katika magari ya moshi, kisha akahamia Harlem, mtaa mkubwa wa watu weusi katika mji wa New York. Huko akaingia katika ulevi, kamari, biashara ya bangi na uhalifu mwingine. Akarudi Boston akaunda kikundi cha kuvunja nyumba, na mwaka 1946, naye hajatimiza miaka 21, akahukumiwa kifungo cha miaka 8 mpaka 10.

GEREZANI

Gerezani Malcolm alianza upya kusoma. Alipoona kuwa maneno mengi ya vitabu hayajui, alichukua kamusi akainakili kwa mkono, ukurasa baada ya ukurasa. Mwaka 1948 alihamishiwa gereza la Norfolk lenye maktaba kubwa, na taa zilipozimwa usiku aliendelea kusoma kwa mwangaza mdogo uliopenya mlangoni, mpaka macho yake yakadhoofika. Akasoma taarikhi ya mataifa, khabari za utumwa, na maneno ya wanafalsafa. Hili ni somo kwa kila mwenye kudai kuwa hana nafasi ya kutafuta elimu.

Wakati huo ndugu zake walikuwa wameingia katika kundi lililojiita Taifa la Uislamu, wakamwandikia barua za kumwita. Kundi hilo lilianzishwa Detroit mwaka 1930 na mtu aitwaye W. D. Fard, na baada yake likaongozwa na Elijah Muhammad. Lilikataza ulevi, zinaa, kamari na nyama ya nguruwe, na kwa hayo watu wengi waliokuwa wamepotea walitengenezeka tabia zao. Lakini katika itikadi lilikuwa mbali na Uislamu, umbali wa mashariki na magharibi. Lilifundisha kuwa huyo Fard ni Mungu aliyekuja katika umbo la mtu, na kuwa Elijah ni mtume wake, na kuwa Wazungu wote ni mashetani kwa asili ya kuumbwa kwao. Haya matatu yote ni batili. La kwanza ni shirki, la pili linapinga kuwa Mtume Muhammad (s.a.w.) ni wa mwisho wa Manabii, na la tatu linawahukumu wanaadamu kwa ngozi zao kabla hawajatenda tendo lolote.

Lakini msomaji mwadilifu nafikiri ni kwa nini kijana kama huyu aliyapokea mafundisho hayo. Kila Mzungu aliyekuwa na nguvu juu ya maisha yake, tangu hakimu na polisi mpaka mwalimu, alimwonyesha kuwa yeye ni duni kwa rangi yake. Alipokuja mtu akamwambia kuwa hao ndio walio duni, aliyaona maneno yale yanamfasiria maisha yake yote. Hivyo ndivyo dhulma ifanyavyo: humdhuru mtu katika mwili na mali, kisha humwachia moyoni mfano wake.

Alitoka gerezani Agosti 1952, akaliacha jina la Little, kwa kuwa ni jina walilopewa wahenga wake na waliowamiliki, akaweka herufi X mahali pake, alama ya jina la asili lililopotea.

KUSIMAMA KWAKE MBELE YA POLISI

Mwaka 1954 alifanywa kiongozi wa hekalu la kundi lile huko Harlem. Alikuwa mrefu wa kimo, msafi wa mavazi, mwepesi wa hoja, na watu wakamiminika kumsikiliza. Mwaka 1958 akamwoa Betty Sanders, muuguzi, na Mwenyezi Mungu akawaruzuku mabinti sita, wawili wao pacha waliozaliwa baada ya kufa kwake.

Usiku wa tarehe 26 Aprili 1957, polisi wawili huko Harlem walikuwa wakimpiga mtu mweusi barabarani. Mtu mmoja wa kundi la Malcolm, aitwaye Johnson Hinton, akawapinga kwa maneno. Wakamgeukia yeye, wakampiga marungu ya kichwa, wakamtia kituoni bila ya kumpeleka kwa tabibu. Malcolm alipopata khabari alikwenda kituoni, na watu wake wakajipanga nje safu kwa safu, kimya, bila ya silaha na bila ya tusi. Nyuma yao watu wa mtaa wakazidi kukusanyika wenye hasira. Malcolm akaingia ndani akataka mambo mawili tu: amwone mtu wake, na mtu huyo apelekwe hospitali. Polisi kwanza walikana kuwa wanaye, kisha wakakubali, na mgonjwa akachukuliwa hospitali, na safu zile zikafuata kwa miguu. Ilipodhihiri kuwa usiku ule halipatikani tena jambo jingine, Malcolm aliwaashiria watu wake kwa mkono, nao wakatawanyika. Wakuu wa polisi walistaajabu kuona mtu mmoja ana amri ya namna ile juu ya watu wengi. Hinton alitiwa bamba la chuma katika fuvu la kichwa, na baadaye alishitaki, na baraza la mahkama likamtolea hukumu ya fidia ya dola 70,000.

Usiku huo haukumwagika damu nyingine wala halikuvunjwa duka. Malcolm hakuomba upendeleo. Alidai haki ambayo sheria ya nchi yenyewe inampa kila mshikwa. Lakini tangu siku hiyo polisi wa New York walizidi kumwekea majasusi, na serikali kuu nayo ikayafuatia maneno yake na safari zake. Mtu aliyewazuia watu wasifanye fujo akawa ndiye wa kuchungwa.

Miaka mitano baadaye, tarehe 27 Aprili 1962, mambo yalikuwa mabaya zaidi. Huko Los Angeles polisi wawili waliwasimamisha watu wa kundi hilo waliokuwa na nguo katika gari karibu na msikiti wao, wakidhani kuwa huenda ni nguo za wizi. Yakazuka mapambano, polisi wengine wakaja, na risasi zikapigwa. Watu saba wa kundi walipigwa risasi, na mmoja wao, Ronald Stokes, katibu wa msikiti, aliyekuwa askari wa Marekani katika vita vya Korea, akafa hali hana silaha. Polisi nao walijeruhiwa. Baraza la kuchunguza kifo likaamua kuwa mauaji yale yalikuwa ya haki, na walioshitakiwa baadaye ni watu wa msikiti wenyewe.

Malcolm alikwenda kumzika Stokes, akaieleza dhulma ile kila mji. Na hapa ndipo ghadhabu ilipomtoa katika uadilifu. Mwezi wa Juni mwaka ule ule ndege iliyochukua abiria Wazungu zaidi ya 100 wa mji wa Atlanta ilianguka karibu na Paris, nao wakafa. Malcolm alisimama mbele ya watu akaufurahia msiba huo, akauona ni jibu la Mwenyezi Mungu kwa damu ya Stokes. Wafu hao hawakumwua Stokes wala hawakumjua. Na siku moja msichana mmoja wa Kizungu, mwanafunzi, alimfuata New York kumwuliza ni lipi awezalo kulifanya kuondoa ubaguzi, naye akamjibu kuwa hakuna lolote, na msichana akaenda zake analia. Jambo hili lilimkaa moyoni, na katika mwisho wa umri wake alikuwa akilijutia. Mwalimu wa Mason alimfunga mtoto mweusi mlango kwa sababu ya rangi yake. Na yule mtoto alipokuwa mkubwa naye akamfungia mtu mwingine mlango kwa sababu ile ile.

KUTOKA KWAKE KATIKA KUNDI

Kidogo kidogo Malcolm alianza kumtilia shaka mkuu wake. Alithibitisha kuwa Elijah Muhammad amezaa watoto na waandishi wake wanawake, hali yeye huwaadhibu wengine kwa zinaa. Desemba 1963 Malcolm alinyamazishwa na kundi kwa maneno aliyoyasema juu ya kuuawa kwa Rais Kennedy. Machi 1964 akatangaza kuwa ametoka. Kundi hilo lilikuwa limemtoa gizani, na ndilo lililompa kazi na nyumba na sifa, na ndugu zake walikuwamo. Kuliacha kulikuwa ni kuacha kila kitu.

HIJA YAKE

Mtaalamu mmoja wa Kimisri aliyekuwa New York, Dokta Mahmoud Shawarbi, alimwongoza katika Uislamu wa haki na kumsaidia kupata ruhusa ya kwenda kuhiji. Aprili 1964 Malcolm akafika Jidda. Hapo alizuiliwa, kwa kuwa wakuu wa Hija walitaka kwanza kuhakikisha Uislamu wake, na katika kungoja akaonekana na upungufu ulio mkubwa. Mtu aliyekuwa akihubiri kwa jina la Uislamu zaidi ya miaka kumi hakujua kusali! Hakuzijua nyiradi za sala kwa Kiarabu, na viungo vyake havikuzoea kukaa tahiyatu, hata vifundo vya miguu vikamuuma. Akajifunza hapo hapo kwa kuwatazama wenzake, wala hakuona haya. Kiongozi wa maelfu ya watu alikaa mahali pa mtoto wa chuoni, na elimu haimwingii mtu ila akae mahali hapo.

Akampigia simu mhandisi Omar Azzam, mtoto wa Abdul-Rahman Azzam aliyekuwa Katibu Mkuu wa kwanza wa Jumuiya ya Nchi za Kiarabu. Mzee Azzam alimwachia chumba chake mwenyewe cha hoteli, naye akalala kwingine. Mzee huyo, kwa rangi ya ngozi, angehesabiwa Marekani kuwa ni Mzungu. Malcolm akawa anajiuliza ni faida gani anayoitaka kwake mtu huyu, na hakuiona. Mahkama ya Hija ikamkubali, na Amiri Faisal, aliyekuwa wakati huo mrithi wa ufalme, akamfanya mgeni wa serikali.

Akavaa ihramu, akatufu, akasai, akasimama Arafa katika Dhulhija ya mwaka 1383. Akala sinia moja na watu wenye macho ya kibuluu na nywele za kimanjano, akanywa nao chombo kimoja, akalala nao jangwani chini ya mbingu moja, wala hakuona kwao dalili ya ile dharau aliyoizoea. Ndipo alipofahamu kuwa ugonjwa wa nchi yake haumo katika weupe wa ngozi, bali umo katika itikadi ya mioyo na mwendo wa dola. Aliandika barua kutoka Makka kuwaeleza jamaa zake na watu wa magazeti kuwa ameyaacha aliyokuwa akiyasema juu ya Wazungu wote. Alijua kuwa wako watakaomcheka, na wako watakaosema kuwa amewasaliti weusi. Hakungoja arudi ayaseme kwa siri kidogo kidogo; aliyaandika mara moja yasomwe na wote.

Lakini asidhani mtu kuwa Hija ilimfanya ainyamazie dhulma. Aliporudi aliendelea kuwasema polisi wanaopiga na mahkama zinazopendelea kwa ukali ule ule. Kilichobadilika ni mizani. Zamani alimhukumu mtu kwa kuzaliwa kwake. Sasa akamhukumu kwa kitendo chake, awe mweupe au mweusi.

SAFARI ZAKE ZA AFRIKA

Julai 1964 alikuwa Kairo wakati wa mkutano wa wakuu wa nchi za Afrika. Aliwapa waraka wa kuwataka wayapeleke mambo ya weusi wa Marekani mbele ya Umoja wa Mataifa, kwa kuwa ni haki za wanaadamu na si shauri la ndani ya nchi moja. Katika siku hizo hizo polisi mmoja wa New York, asiyekuwa katika zamu, alimpiga risasi akamwua mtoto mweusi wa miaka 15, James Powell, na Harlem ikachafuka kwa siku kadha wa kadha. Mkutano wa Kairo ukatoa azimio la kusikitishwa na ubaguzi wa rangi nchini Marekani. Malcolm akapata pia ahadi ya nafasi za masomo ya dini, 20 katika Al-Azhar na 15 katika chuo cha Madina, ili vijana wa kwao wajifunze dini kwa wenyewe, wasipotee kama alivyopotea yeye.

Oktoba 1964 alifika Afrika ya Mashariki. Dar es Salaam alionana na Rais Julius Nyerere na Abdulrahman Muhammad Babu wa Zanzibar, na Kenya alionana na Jomo Kenyatta na Oginga Odinga. Desemba mwaka huo Babu alipokuwa New York alihudhuria mkutano wa Malcolm huko Harlem akasema na watu.

Februari 1965 alikwenda Smethwick, mji wa Uingereza, ambako Wazungu wa mtaa mmoja walikuwa wakiitaka baraza la mji inunue nyumba zinazouzwa ili zisiingie mikononi mwa Wahindi na watu weusi. Hapakuwa na bunduki wala rungu katika jambo hilo, ila hati za nyumba tu. Mtoto wa Lansing aliyajua mambo hayo tangu zamani.

KUFA KWAKE

Kundi la zamani lilikuwa likimwandama kwa vitisho, na likamshitaki atoke katika nyumba aliyokaa, kwa kuwa kisheria ilikuwa mali yake, na mahkama ikaamua kuwa atoke. Usiku wa kuamkia tarehe 14 Februari 1965, chupa za petroli zilitupwa madirishani. Malcolm akawatoa nje mkewe, aliyekuwa na mimba, na mabinti wake wanne. Kisha watu wa kundi lile wakatangaza kuwa ameitia moto mwenyewe.

Msomaji naakumbuke nyumba ya Lansing. Miaka 35 kabla, mahkama iliwaamuru wazee wake watoke, nyumba ikachomwa usiku, na mwenye nyumba akatuhumiwa. Mambo ni yale yale moja kwa moja. Ila wa kwanza walikuwa Wazungu, na hawa wa mwisho ni watu weusi wenzake waliokuwa wakimwita ndugu. Hii ni hoja kubwa kuwa dhulma haina rangi, na kuwa mwenye kudhani kabila lake limehifadhika nayo hajaijua nafsi ya mwanaadamu.

Jumapili ya tarehe 21 Februari 1965, katika Shawwal ya mwaka 1384, alisimama katika ukumbi wa Audubon huko New York. Aliwatolea watu maamkizi ya Kiislamu nao wakamrudishia. Papo hapo pakazushwa ghasia katikati ya watu, na walipogeuka kutazama, wauaji wakamwelekea kwa bunduki na bastola. Alikufa naye ana umri wa miaka 39, mkewe na watoto wake wakiona. Mmoja wa walinzi wake aliyejaribu kumrudishia pumzi ilijulikana baadaye kuwa ni jasusi wa polisi.

Sheikh Ahmed Hassoun, Msudani, alimwosha na kumkafini kwa sunna. Akazikwa tarehe 27 Februari katika makaburi ya Ferncliff, nje ya mji wa New York, na wafuasi wake hawakukubali kumwachia kazi hiyo mchimba kaburi wa kuajiriwa, walimfukia wenyewe.

HAKI ILIYOCHELEWA

Watu watatu walihukumiwa kifungo cha maisha mwaka 1966. Mmoja alikiri, akasema kuwa wawili wale wengine hawakuwamo. Hakusikilizwa. Wawili hao, Muhammad Aziz na Khalil Islam, walikaa gerezani zaidi ya miaka 20 kila mmoja. Tarehe 18 Novemba 2021 mahkama ya New York ikaifuta hukumu yao, baada ya kudhihiri kuwa polisi wa mji na wapelelezi wa serikali kuu walikuwa wameficha ushahidi wa kuwaokoa. Khalil Islam alikuwa amekwisha kufa mwaka 2009. Mwaka 2022 mji na jimbo la New York vikakubali kulipa dola milioni 36, kwa Aziz na kwa warithi wa Islam. Basi hata katika damu ya mtu aliyetumia umri wake kuulaumu uonevu wa polisi, polisi wakaongeza uonevu mwingine. Na mali, iwe nyingi vipi, hairudishi umri.

Na katika mambo ya kushukuriwa ni kuwa Elijah Muhammad alipokufa mwaka 1975, mwanawe, Warith Deen Mohammed, aliwatoa wafuasi wengi katika itikadi ile akawaingiza katika Uislamu wa sunna, na msikiti wa Harlem ukaitwa kwa jina la Malcolm Shabazz.

MAZINGATIO

Katika maisha haya muna mazingatio kwa mwenye amri na kwa asiyekuwa na amri. Polisi ni mkono wa dola, na rungu lake ni amana. Mkono huo ukitazama rangi kabla ya kutazama kosa, dola nzima imekwisha kuwa dhalimu, na raia humwogopa aliyewekwa kumlinda. Imepokewa kuwa Sayyidna Umar alimpa Mkibti wa Misri nafasi ya kumlipiza kisasi mtoto wa liwali wa Kiarabu aliyempiga kwa kiburi cha ukoo, na liwali yupo anatazama. Huo ndio mwendo wa Uislamu.

Na mdhulumiwa naye ana wajibu. Kudai haki kwake ni jambo la sheria, lakini Qur'ani imewaamrisha Waumini wasiache uadilifu kwa sababu ya kuwachukia watu. Malcolm aliikabili dhulma ya wengine kwa miaka kumi na mbili, kisha akaikabili iliyokuwa nafsini mwake, na vita hivi vya pili hakumpiga makofi mtu.

Wala asiyasome haya mtu wa pwani akadhani kuwa ni khabari za Marekani peke yake. Utumwa ulifutwa Unguja mwaka 1897 na katika pwani ya Kenya mwaka 1907, na hata leo, watu wakigombana sokoni au posa ikiharibika, wako wanaotafuta tusi katika asili ya bibi na babu wa mwenzao, kisha ikiadhiniwa wakasimama naye safu moja. Abu Dharr, naye ni sahaba mkubwa, alimtusi mtu kwa mama yake, na Mtume (s.a.w.) akamjulisha kuwa ndani yake mna masalio ya ujahili. Abu Dharr hakujitetea, bali alirejea. Na mtu wa Harlem alipoonyeshwa kosa lake hakujitetea, naye alirejea. Basi asiyekuwa na umaarufu wa kupoteza wala kundi la kumwua kwa kusema kweli, ana udhuru gani wa kuchelewa?

Mwenyezi Mungu amrehemu Al-Hajj Malik El-Shabazz, amsamehe yaliyomtoka, na azitakase nyoyo za Waislamu na kiburi cha nasaba na rangi. Amin.